Sarafu za Nakala katika Kopo la Shangazi

Shangazi yangu alipohamia kwa mwanawe Nyegezi, nyumba yake ya Kirumba, hapa Mwanza, ilibaki na vitu ambavyo hakuna aliyejua pa kuvipeleka: funguo zisizo na makufuli, vifungo vya makoti, taa ya chemli iliyopoteza kioo, risiti za mauzo ya pamba za chama cha ushirika, na kopo la biskuti lililojaa sarafu. Nyingi zilikuwa zile ambazo ungetarajia kuzikuta katika nyumba yoyote ya zamani ya Kanda ya Ziwa, yaani senti za shaba zenye tundu, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, na heller chache, yaani sarafu ndogo za wakati wa Mjerumani. Mjadala katika familia, hata hivyo, haukuwa juu ya hizo. Ulikuwa juu ya zile nne au tano zilizovutia macho: moja ya rangi ya dhahabu yenye tembo, moja kubwa nyeupe yenye mwanamke mnene aliyejitanda shela, moja ya shaba yenye miungu ya Kihindi, na kidani chenye kitu kilichofanana na pauni ya Kiingereza.

Binamu zangu walikuwa na hoja moja waliyoiona kuwa inatosha. Babu alifanya kazi katika reli na alihamia Mwanza akitokea Tabora, baada ya njia ya reli kufika hapa mwaka 1928. Kopo lilikuwa lake. Basi kila kilichomo ni cha enzi hizo. Hoja hiyo ina kasoro ambayo nimeiona katika nyumba nyingi zaidi ya ile ya Kirumba. Kopo la nyumbani halifungwi siku moja likabaki hivyo kwa miaka mia. Kila kizazi hutia chake: zawadi ya mgeni aliyetoka Ulaya, kumbukumbu iliyonunuliwa kwenye duka la watalii, medali ya shule, tokeni ya mchezo. Vitu hivyo vikikaa pamoja hupata kutu na vumbi la aina moja, na mtu akifungua kopo huviona vyote kuwa na umri mmoja. Umri wa kopo hausemi lolote kuhusu umri wa sarafu iliyomo, na kila moja hupaswa kupimwa peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo humsaidia anayeanza kuchambua. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu kila siku, kama senti kumi ya shaba, karibu kila mara ni ya kweli, kwa kuwa hakuna anayepata faida kwa kuitengenezea nakala. Kinachonakiliwa ni kile chenye sifa: dhahabu ya Tabora, rupia kubwa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, riale ya Maria Theresa. Kwa hiyo uangalifu wote unafaa kuelekezwa kwa zile zinazong'ara na zenye hadithi ndefu, huku zile zilizochakaa zikiachwa kando kwa muda.

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote isipokuwa kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani. Soma kila herufi iliyoandikwa kwenye sarafu, pande zote mbili na ukingoni, kabla ya kuamua lolote. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu zipigwe chapa ya neno COPY, na kwa sababu hiyo nakala nyingi zinazouzwa kama kumbukumbu huwa na neno hilo, wakati mwingine kwa herufi ndogo sana chini ya shingo ya mfalme au kando ya mwaka. Nchi nyingine hazina masharti hayo hayo, na chapa yenyewe inaweza kusuguliwa kwa tupa. Palipo na doa laini, lililosawazishwa mahali ambapo sarafu iliyobaki ina chembechembe, pana haki ya kutiliwa shaka.

Kisha huja mizani. Mizani ya jikoni inayopima unga haifai. Inahitajika ile ya masonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, nayo mjini Mwanza, katika eneo linaloishi kwa biashara ya dhahabu, si kitu cha kutafutwa kwa taabu. Sonara niliyemwendea, mzee ambaye amepima vidani vya nusu ya ukoo wetu, alinikatiza nilipoanza kumweleza habari za Tabora. “Mwanangu,” alisema, “hadithi ya babu utanipa baadaye, kwanza nipe sarafu yenyewe.” Ushauri huo ningempa kila mtu.

Uzito husema mambo mengi kwa sababu viwanda vya sarafu vya zamani vilifuata viwango vikali. Rupia ya fedha, iwe ile ya India ya Waingereza au ile ya Kijerumani iliyofuata kiwango hicho hicho, ilitengenezwa kwa uzito wa gramu 11.66, ikiwa na fedha safi takriban sehemu 917 katika 1,000 na upana wa milimita 30 hivi. Rupia mbili, iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1893 na 1894 tu, ilikuwa na uzito mara mbili ya huo, yaani gramu 23.3. Sarafu ya kweli iliyotumika sana hupungua kidogo. Rupia yenye gramu 11.4 haishangazi ikiwa kichwa cha Kaiza, mfalme wa Wajerumani, kimesagika. Lakini rupia ambayo nakshi zake ni kali kama iliyotoka kiwandani jana, halafu ina gramu 9, haina maelezo mengine isipokuwa kwamba si fedha. Na ile inayozidi uzito wake wa kiwandani ni ya kushukiwa vilevile, kwa kuwa kuchakaa hupunguza tu, hakuongezi.

Watu hupenda kuanza na sumaku, na si vibaya, mradi wajue mipaka yake. Fedha, dhahabu, shaba, na ule mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotumika katika sarafu nyingi za karne iliyopita havivutwi na sumaku ya kawaida. “Rupia ya fedha” inayorukia sumaku ina chuma ndani yake na mjadala umekwisha. Ile isiyovutwa, kwa upande mwingine, haijathibitisha chochote, kwa kuwa zinki, risasi, bati na shaba ya njano, ambavyo ndivyo hutumika zaidi kutengenezea nakala, navyo havivutwi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifanya mezani, ni kile cha maji. Weka bilauri nyepesi yenye maji juu ya mizani ya sonara, irudishe mizani kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu, ambazo kwa hesabu ya maji ni sawa na ujazo wake katika sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo, nawe utapata densiti yake. Fedha safi ina densiti ya 10.5, fedha ya rupia 10.3 hivi, shaba na nikeli 8.9, shaba ya njano karibu na 8.5, zinki 7.1, bati 7.3, risasi 11.3 na dhahabu safi 19.3. Rupia ya kweli yenye gramu 11.66 itasukuma maji gramu 1.13, ikiwa ni ya shaba na nikeli yenye uzito ule ule itasukuma 1.31. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho, lakini kwa mizani ya sonara ni kubwa mno kuweza kufichwa. Viputo vya hewa vikishikamana na sarafu huharibu hesabu, kwa hiyo tikisa uzi taratibu kabla ya kusoma.

Sarafu yenye tembo ndiyo iliyopimwa kwa shauku kubwa zaidi, na ina historia inayostahili shauku hiyo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na hawapati tena sarafu kutoka Ulaya, walifungua kiwanda cha dharura katika karakana ya reli mjini Tabora. Hapo waligonga sarafu za dharura za heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba ya njano, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima Kilimanjaro, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zilitoka takriban sarafu 16,000, na kazi ikakoma kabla Wabelgiji hawajaiteka Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Mwanza ilikuwa tayari imeangukia mikononi mwa Waingereza tangu Julai. Kwa hiyo hadithi ya familia haikuwa ya kipuuzi. Mtu wa reli kutoka Tabora angeweza kweli kuwa nayo.

Sarafu halisi ya rupia 15 ina uzito wa gramu 7.17, na dhahabu yake ni robo tatu, iliyobaki ikiwa shaba na fedha. Kwa mchanganyiko huo densiti hukaribia 15. Ile ya kopo la Kirumba ilikuwa na upana unaofaa, milimita 22 na kidogo, lakini ilisoma gramu 4 pungufu kidogo, na kipimo cha maji kikatoa namba ya shaba ya njano. Ukiangalia ukingo wake kwa kioo cha kukuzia uliona mahali ambapo rangi ya dhahabu imechubuka na shaba ikachungulia. Ni nakala, na ni nakala ya kistaarabu, kwa maana haikutengenezwa kwa nia ya kumlaghai mpima dhahabu. Yeyote mwenye mizani angeitambua. Binamu yangu mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama sonara ameirekebisha mizani yake hivi karibuni.

Zipo nakala zilizo mbaya zaidi kuliko hiyo, nazo ni zile za kusubu. Sarafu halisi za karne ya 19 na ya 20 ziligongwa: kipande cha madini kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma na kupigwa kwa nguvu kubwa, ndiyo maana uso wake ni mkavu, herufi zake zina kingo kali, na nafasi tupu kati ya nakshi ni laini. Nakala ya kusubu hutengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye sarafu nyingine. Madini yakipoa huacha vishimo vidogo vya hewa, uso unakuwa na chembe kama ngozi ya chungwa, na nywele za mfalme huonekana kama zimelowa. Ukingoni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, hubaki mstari mwembamba unaozunguka, au alama za tupa za mtu aliyejaribu kuuondoa. Kwa sababu hiyo mimi huanza na ukingo: mtengenezaji wa nakala huweka bidii yake yote katika nyuso mbili, akaukumbuka ukingo mwishoni. Na ukiwa na sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, basi angalau moja kati yake imetoka katika kalibu, kwa kuwa mikwaruzo ya matumizi hairudiwi.

Makosa ya kihistoria nayo ni ushahidi mzuri, kwa mtu mwenye subira ya kusoma. Sarafu za fedha za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zina Kaiza Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia yenye tai upande mmoja, na simba na mnazi upande wa pili pamoja na jina la kampuni, nazo zilitolewa kati ya mwaka 1890 na 1902. Kuanzia mwaka 1904 serikali yenyewe ilichukua kazi hiyo, maandishi yakawa DEUTSCH OSTAFRIKA, rupia ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64 (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo), na sarafu zikaanza kubeba herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Rupia yenye simba wa kampuni na mwaka 1910 haikutoka katika kiwanda chochote cha Kijerumani, hata kama mizani itaipenda.

Ile kubwa yenye mwanamke aliyejitanda shela inahitaji maelezo ya namna nyingine, kwa sababu hapa swali la “ya kweli au nakala” halijibiki kwa neno moja. Ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na sarafu zote za aina hiyo zina mwaka huo huo 1780, hata zilizogongwa miaka mia moja na hamsini baadaye. Wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea na kuikataa nyingine yoyote, basi viwanda vikaendelea kuigonga bila kubadilisha tarehe: Vienna, kisha katika karne ya 20 Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Hizo ni sarafu zilizogongwa upya kwa kiwango kilekile cha gramu 28.07 na fedha sehemu 833 katika 1,000, na thamani ya fedha yake ni halali kabisa. Nakala za bandia za riale hii nazo zipo, na njia fupi ya kuzitenga ni ukingo. Riale inayostahili jina lake ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyoinuka, yakizunguka ukingo pamoja na mapambo. Ukikuta ukingo mtupu au wenye mikato ya kawaida kama ya shilingi, weka kando. Ya shangazi ilikuwa na maneno yake yote na uzito wa gramu 28 kamili, kwa hiyo ni fedha nzuri, ingawa nisingemruhusu mtu yeyote aseme kwamba ilivuka bahari na misafara ya pembe za ndovu.

Kidani kilikuwa rahisi. Upande mmoja kina kichwa cha Malkia Victoria akiwa kijana, upande wa pili mpanda farasi anayefanana na Mtakatifu George wa pauni ya dhahabu, lakini juu yake pameandikwa TO HANOVER na chini mwaka 1837. Hizi ni tokeni za shaba ya njano zilizotengenezwa Uingereza kwa kejeli dhidi ya mtoto wa mfalme aliyekwenda kutawala Hanover mwaka huo, na baadaye zikatumika kama vihesabio katika michezo ya karata. Pauni halisi ina gramu 7.98, tokeni hiyo haifikii hata nusu yake. Katika mikufu ya zamani, ambako pauni ilitundikwa kama pambo, tokeni kama hii ilimtosha asiyekuwa na uwezo wa dhahabu, na sioni ubaya wowote.

Ile yenye miungu ya Kihindi ndiyo niliyotaka iondoke nyumbani mapema. Vipande vya shaba vyenye Rama au Hanuman upande mmoja, na jina la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki pamoja na thamani kwa ana (sarafu ndogo ya India) na mwaka kama 1616 au 1818 upande wa pili, havikutolewa na kampuni hiyo; ni vipande vya ibada na kumbukumbu vya nyakati za baadaye. Mikononi mwa muumini havina hatia. Hatia huanza pale matapeli wanapodai kwamba vina nguvu ya kuvuta punje za mchele na vinanunuliwa kwa mamilioni na wanasayansi wa ng'ambo. Polisi wa India wamekamata watu kwa utapeli huo, na madalali wanaopita mitaani kwetu wakiuliza “rupia ya Mjerumani” kwa sauti ya chini huja na masharti yanayofanana nao: ada ya kupima, ada ya usafiri wa mtaalamu, kisha simu isiyopatikana. Shaba haivuti mchele, iwe ya mwaka gani.

Upande wa pili wa kazi hii ni kutotupa cha kweli kwa kukidhania bandia. Shilingi za Afrika Mashariki zilizogongwa kati ya mwaka 1921 na 1946 zina robo moja tu ya fedha, na zikisagika hupoteza weupe na kuonyesha rangi ya udongo au ya njano chafu, kiasi kwamba watu huapa kuwa ni za bandia. Ni za kweli, na uzito wao wa kiwandani ni gramu 7.78. Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane huleta shaka kubwa zaidi kwa wanaojua historia, kwa kuwa mfalme huyo aliacha kiti kabla ya kuvikwa taji. Hata hivyo sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya mfalme, jina tu, nazo zilitolewa na kutumika kihalali. Katika kopo zilikuwamo kadhaa, zimetungwa katika uzi mmoja pamoja na nyingine za George wa Tano.

Usisafishe chochote kabla ya kupima. Majivu, ndimu, dawa ya meno na msasa hufuta ushahidi ule ule unaoutafuta, na hushusha bei ya sarafu halali mbele ya mnunuzi yeyote anayejua kazi yake. Usikubali sonara aikwaruze kwenye jiwe la kupimia na kuitia tindikali kabla ya kipimo cha maji. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu wana mashine ya miali ya eksirei, ambayo haiumizi sarafu, lakini kumbuka kwamba mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu. Nakala iliyopakwa dhahabu nene inaweza kusifiwa isivyostahili, na hapo bilauri ya maji bado ina kazi.

Sasa kila sarafu iko katika bahasha yake ndogo ya karatasi, na juu ya bahasha nimeandika uzito, upana, densiti na jina la kitu. Kwa zile za nakala nimeandika neno NAKALA kwa wino mwekundu, mbele na nyuma, pamoja na kipimo kilichonifanya niseme hivyo. Shangazi aliomba ile ya tembo arudishiwe, nami nilimpa ikiwa ndani ya bahasha yake.